Mbio za milimani za kupokezana wawili wawili: njia tano kwa tano, basi sifuri

Nimeacha wiki mbili zipite ndo niandike. Kwanza hasira ziishe, pili nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume nimeshikilia ukuta, na mtu wa hali hiyo hawezi kutoa maoni ya haki. Sasa hivi nipo sawa. Jina la mashindano silitaji maana kuna malalamiko humu ndani na sitaki kesi, mliokuwepo mtayajua tu.

Kwa ambaye hajawahi: ni mbio za porini na milimani, kilomita 102, ukijumlisha kupanda kote unapata mita 3,900, zimekatwa vipande 6 na mnakimbia wawili mkipokezana. Wa kwanza anachukua cha 1, cha 3 na cha 5, wa pili anachukua 2, 4 na 6, na mwisho wa yote ni masaa 20. Kuunganisha vipande viwili hairuhusiwi, mwenzio akiumia unaweza kumalizia ila mnatolewa kwenye nafasi. Mwenzangu alikuwa wifi yangu, dada yake mume wangu, na kule juu mtandao ulipokata yeye ndo alikuwa wifi pekee aliyebaki (huo utani kaufanya mwenyewe, mara nne, mara ya nne nilikuwa napanda mlima sikucheka).

Sasa hesabu moja ambayo ningekuwa nayo kabla ya kujiandikisha ningesoma maelezo yao kwa jicho jingine kabisa. Mimi nimekimbia masaa 7 na dakika 45. Nimesubiri masaa 8 na dakika 50. Yaani nimekaa zaidi ya nilivyokimbia, na hapo kila mtu anajiandaa kukimbia tu, mazoezi miezi minne, viatu vipya, sijui jeli za ladha gani, na hakuna anayejiandaa kukaa. Kukimbia porini ni bure bwana, mtu avae viatu aende. Hela ya kiingilio kwenye mbio za kupokezana inaenda kwenye yale masaa ambayo wewe umekaa na mwenzio yuko njiani, kwa hiyo mimi nawapima hapo hapo.

Ila njia kwanza, maana haki yao niwape. Njia ni nzuri sana, aliyeichora ni mkimbiaji mwenyewe, unaona tu. Kupanda kwa kwanza wameweka mapema mwili ukiwa bado una nguvu, mashuko marefu yako kwenye udongo laini sio kwenye mawe, na alama kila baada ya mita mia mbili hivi, usiku utepe unawaka ukiupiga na tochi ya kichwani unauona kutoka mbali kama macho ya paka. Nilipotea mara moja kwenye kipande cha 4, dakika kama 15, na hilo ni kosa langu mia kwa mia, niliinamisha kichwa nikawa nafuata mwanga wa mtu wa mbele badala ya kufuata alama, kumbe naye mwenyewe amepotea, tukakutana kwenye uzio tukaangaliana. Ukikimbia usiku fuata utepe, usifuate mtu.

Ukaguzi wa vifaa nao waliufanya kisawasawa, sio ule wa kuuliza una koti, ndio, pita. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anatoa kitu kimoja kimoja mezani, koti la mvua lenye kofia, blanketi la foili, filimbi, tochi na betri ya akiba, simu, afu akanishika filimbi akaniuliza, mwanangu ukivunjika mguu huko utapuliza hii mara ngapi? Mie nikamjibu mpaka nichoke. Akacheka, akasema sita, mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia, na ukisikia tatu zinajibu ujue wamekusikia kaa hapo hapo. Nimetembea na filimbi miaka mitano kifuani sijawahi kulijua hilo. Tochi nazo aliwasha zote, na akawaambia watu wasiamini masaa yaliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kipimo wanachotumia wengi kinahesabu mpaka mwanga ushuke ubaki asilimia 10 tu ya ulioanza nao, sasa asilimia 10 kwenye mizizi na mawe ni kama umefunga macho. Huyo mama peke yake nampa nyota.

Kugawana vipande. Waandaaji wanakuonyesha kilomita tu, kwa hiyo ukiangalia unaona wa kwanza ana 55 na wa pili ana 47, na watu wengi wakagombania nafasi ya pili wakidhani wamelamba dume. Sisi tulikaa na kalamu tukapiga kwa ile njia wanayotumia ITRA, chama cha kimataifa cha mbio za porini, unachukua kilomita unajumlisha mwinuko kwa mita ukiugawa kwa 100. Kipande cha 2 ni kilomita 18 na mwinuko mita 900, hiyo ni 27. Cha 3 ni kilomita 21 na mita 600, nacho 27. Umeona, kilomita tatu tofauti lakini kazi ni ile ile. Wifi akapata 73 mie 68, tofauti ipo ila sio ile ya kugombania, na wifi kwenye tambarare ni kama anapaa ila milima haipendi, mie kinyume chake, tukamaliza mjadala. Hiyo hesabu ikaja kutuokoa tena baadae, ntaeleza.

Saa nne kamili asubuhi wifi akaondoka na kundi. Mie nikapanda basi la waandaaji kwenda kituo cha kwanza, basi likaondoka kwa wakati, nikafika nikakaa, wifi akatokea saa sita na dakika tano ameiva uso kama nyanya, tukapokezana nikaondoka. Mpaka hapo nilikuwa nawasifia waandaaji kwa kila mtu.

Kituo cha pili ndicho kituo bora nilichowahi kukiona kwenye mbio yoyote, na hakina kitu cha ajabu. Kuna hema lenye pande zote nne, sio lile la paa tu ambalo upepo unapita chini unakupiga mgongoni. Kuna kona ya pazia ya kubadilisha nguo. Supu ya moto, viazi vyenye chumvi. Na kuna kijana mmoja wamemsimamisha kwenye kona mita kama mia nne nje ya kituo na redio mkononi, mkimbiaji akipita anasoma namba kifuani anaitaja, pale kituoni wanaitangaza kwa spika, na mwenzio anapata dakika mbili tatu za kuvua koti, kufunga kamba za viatu na kusimama kwenye mstari. Kijana mmoja na redio moja, basi. Nimefika nimemkuta wifi amesimama anarukaruka, tukabadilishana ndani ya sekunde kumi. Kituo cha tatu hawakuwa na huyo kijana, na pale nilisimama nje na fulana dakika arobaini nikichungulia msitu kama ninayesubiri posa, kila kivuli nadhani ndo yeye.

Watasema kuna programu ya simu. Programu waliyotuambia tupakue inasema "fuatilia mwenzako moja kwa moja", na mie kwa ujinga wangu nikaamini kuna kitu kinamfuatilia. Hakuna kitu. Ile chipu ya kupima muda tunayofunga mguuni haina betri, inasomwa tu pale unapokanyaga mkeka wenye antena, na mikeka iko vituoni. Kati ya kituo na kituo hakuna anayejua uko wapi. Kinachofanya ile nukta itembee kwenye ramani ni makadirio, wanachukua mwendo wako wa kipande kilichopita wanaendelea nao kama vile dunia yote ni tambarare, kwa hiyo nukta ya wifi ilifika kituo cha tatu nusu saa kabla ya wifi mwenyewe, ikakaa pale inanitazama. Hiyo ndo ilinitoa nje na fulana.

Sisi tulikuwa na yetu ya kalamu mkononi, na kosa langu ni kuiacha yetu nikaamini yao. Tulichukua ile hesabu ya 27 na 22 na kadhalika tukaweka dakika 6 na nusu kwa kila moja mchana, 7 na nusu usiku, kutokana na mwendo wetu wa mazoezi. Kipande cha 3 ilitoa dakika 175, wifi alitumia 180. Kipande cha 5 ilitoa 195, alitumia 200. Ukitoa nilipopotea hakuna kipande tulichokosea kwa zaidi ya dakika 6. Kalamu ya wino kwenye ngozi imeishinda programu, na kalamu haili chaji.

Haya, basi.

Kipande cha 4 nilianza saa kumi na moja na dakika hamsini na tano jioni, giza likanikuta njiani. Mpango ni kwamba mkimbiaji akimaliza kipande chake anakula, anabadilisha nguo, anapanda basi la waandaaji linampeleka kituo kinachofuata kumsubiri mwenzie. Kwenye maelezo wameandika basi kila dakika 30. Wifi anasema basi lilifika saa moja na dakika kumi, na lilipofika dereva akasema haondoki mpaka lijae, ndo maagizo aliyopewa. Lijae! Watu wamelowa, wamechoka, wana wenzao wako mlimani wanakuja, lijae kama vile tunaenda harusini. Wifi akamwambia kaka yangu mimi mwenzangu atafika kabla yangu, kaka wa watu naye anasema dada mie nafuata niliyoambiwa, na kweli sio kosa lake, kosa ni la aliyekaa ofisini akapanga mabasi kwa hesabu ya viti badala ya hesabu ya wakimbiaji. Barabara ilikuwa tope, basi likaenda taratibu.

Mie nikaingia kituo cha 4 saa mbili na nusu usiku. Nimepanda mita 800, nimepotea nimerudi, nimeshuka mbio magoti yanalia, naona taa za kituo natoa kila kilichobaki, nafika kwenye mkeka, chipu ikalia pii, nanyoosha mkono, hakuna mtu. Wakaita namba yetu kwenye spika. Hakuna mtu. Wakaita tena. Kuna dada alikuwa anasimamia pale akaniangalia kwa huruma ile ya msibani akaniletea kiti.

Dakika 25. Saa ya mbio inaendelea, hawaisimamishi, niliuliza. Na pale nimekaa ndo nikajifunza kwamba jasho ni maji, na maji yanafyonza joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo dakika tano za kwanza unajisikia poa, ya saba unaanza kutetemeka, ya kumi meno yanagongana. Begi langu la nguo kavu liko wapi? Kwenye basi. Yule dada akanifunga blanketi la foili nikawa kama kuku wa kuokwa. Hii kitu ni ya hatari kusema kweli, sio suala la nafasi tu, kulikuwa na watu wanne pale wamekaa kama mimi na mmoja alikuwa midomo imebadilika rangi.

Basi likatokea. Halijasimama vizuri mlango ukafunguka wifi akaruka, kiatu kimoja kamba hazijafungwa, anakimbia anapiga kelele, wifi nisamehe, wifi nisamehe jamani! Nikamwambia nikusamehe nini, leta mguu.

Maana tunachopokezana ni ile chipu, nayo iko kwenye mkanda wa kifundoni, na huo mkanda nao una kesi yake. Ni ile ya kunata, ya kufungua krrr. Asubuhi ilikuwa safi. Wajanja wenu wakapitisha njia kwenye nyasi ndefu kilomita nzima, mkanda ukaokota kila mbegu ya nyasi iliyopo, upande wa vindoano ukajaa ukawa kama mswaki wa zamani, na juu yake tope. Saa tatu usiku mie vidole vimeganda navuta haufunguki, wifi amepiga goti anavuta huku, ukafunguka, tukaufunga kwake ukashika sekunde mbili ukaachia. Tukaufunga tena, ukaachia. Nikachomoa kamba ya kofia ya koti langu tukaufunga kwa fundo mbili kama mzigo, akaenda. Wajapani kwenye mbio zao za ekiden wanapokezana kitambaa tu, tasuki, unakivaa kama mshipi begani unaondoka, na wanafanya hivyo tangu 1917, hakuna mtu anayepiga goti gizani. Kitambaa na chipu imeshonwa ndani, nini kinashindikana?

Kuanzia hapo sina mengi. Basi la kwenda kituo cha 5 nilienda kusimama mbele ya dereva kabla sijala, nikawa wa kwanza kukaa, nikahamasisha watu kama konda mpaka likajaa. Nikabadilisha nguo zote hadi za ndani, nikala nikiwa safarini, maana saa ya kwanza baada ya kukimbia ndo misuli inapokea chakula vizuri, na nikalala dakika 20 na kengele, sio zaidi, ukilala saa nzima unaamka hujui jina lako. Kabla ya zamu yangu nilitembea dakika kumi kuzunguka hema. Hiyo usiache, kwenye kipande changu cha kwanza niliinuka kwenye kiti nikaanza kukimbia hapo hapo na paja la kushoto likanikamata mita mia tatu tu. Wifi akaingia saa sita na robo, amekimbia kilomita 19 gizani peke yake, akaniambia kitu kimoja tu, kuna mto wa pili pita kulia kuna jiwe. Nikapita kulia, kweli kuna jiwe. Niliowaona wengine pale waliingia majini hadi kiunoni. Hilo ndo tamu la kukimbia na mtu, lakini ratiba haikumpa nafasi ya kunieleza mengine maana fundo la kamba lilitumia muda wote.

Nimemaliza saa nane na dakika thelathini na tano usiku. Masaa 16 na dakika 35. Sheria inaruhusu mwenzio aungane nawe mita mia za mwisho, na wifi alikuwepo, safari hii basi la mwisho liliwahi, sijui waliogopa nini. Tumekuwa timu ya 31. Ukitoa zile dakika 25 tungekuwa ya 22, nimeangalia matokeo, nisingeangalia ningelala vizuri zaidi.

Nyota? Njia 5. Wajitolea 5, ingekuwepo nyota ya 6 ningetoa. Vituo 3, kwa sababu kimoja ni pepo na vingine ni paa. Programu 1. Basi 0 mpaka watoe ratiba ya kuondoka iwe limejaa halijajaa, au waruhusu begi la nguo lisafiri mbele ya mtu. Nikipiga wastani naweka 3. Mwakani nikisikia wamebadili basi ntarudi, na wifi anasema safari hii yeye achukue milima, tutaona.

Niliwaandikia barua pepe kuhusu basi siku ya tatu, kwa heshima zote, na mapendekezo, na hesabu ya dakika. Kimya mpaka leo. Ila wao wameniandikia mara mbili, kwa jina kamili, kwamba mkanda namba fulani wa chipu haujarudishwa na nitakatwa kwenye amana. Ni kweli ninao. Kwenye mstari wa mwisho hakuna aliyeuomba na mie nilikuwa siwezi kuinama. Nimeufua mara mbili, mbegu hazitoki. Uko kwenye kidirisha cha jikoni umefungwa kwa ile kamba ya koti, waje kuuchukua, basi likijaa.